Shati Langu Lilikuwa Safi

Siku ya tatu kazini, kabla hata sijashika bakuli, mwenye mgahawa alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, akasema neno moja: "Darashinai." Kisha akaigeukia sufuria yake ya supu.

Nilikuwa na miezi sita tu nchini Japani, na Kijapani changu kilikuwa cha darasani. Niliweza kuuliza njia ya stesheni, kusema natoka Tanga, na kueleza kuwa ndugu zangu ni wanne. Neno hilo sikulijua. Sauti yake, hata hivyo, niliijua vizuri sana. Ni sauti ambayo mama yangu alikuwa nayo asubuhi za shule, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

Nikajikagua. Shati jeupe nililifua kwa mikono yangu na kulipiga pasi asubuhi ile mpaka mikono yake ikasimama kama karatasi. Kucha fupi. Nimeoga, nimepaka mafuta. Basi nikajitetea kwa neno pekee la usafi nililokuwa nalo: "Kirei desu." Nilikusudia kusema kwamba shati ni safi. Kumbe kirei ni safi na pia ni mrembo, na kwa kuwa Kijapani hakikulazimishi kutaja unamsema nani, mke wa mwenye mgahawa, aliyekuwa akipanga vijiti kwenye makopo, alimsikia kijana mgeni akimjibu bosi wake: "Mimi ni mrembo." Alicheka mpaka akashikilia kaunta.

Mzee hakucheka. Alikuja akafanya mambo matatu bila kusema neno. Alilichomekea shati langu mgongoni, mahali lilipokuwa limechomoka bila mimi kujua. Alizifungua kamba za aproni yangu nilizokuwa nimezifunga fundo la haraka, ncha zikining'inia mpaka magotini, akazikaza upya, akazizungusha mbele na kuzificha ncha zake ndani. Halafu akanyoosha kidole kwenye viatu. Nilikuwa nimevikanyaga visigino, navivaa kama ndara.

Mgahawa wenyewe uko Nagoya, mjini kwenye tambi bapa ziitwazo kishimen, pana kama utepe, zinazoteleza kwenye supu ya samaki mkavu. Viti kumi na kimoja, vyote vikiitazama kaunta. Wanafunzi wa kigeni tuliruhusiwa kufanya kibarua saa 28 tu kwa wiki wakati wa masomo, na mimi zangu nyingi nilizimalizia pale. Mzee tulimwita Taisho, cheo cha jenerali wa jeshi, ambacho wateja wa Japani humpa mpishi yeyote mwenye kamgahawa kake. Mkewe aliitwa Okami-san. Jenerali ni yule, lakini amiri jeshi mkuu mlishaelewa ni nani.

Usiku ule nilifungua daftari nikaandika: darashinai = mchafu. Niliishi na kosa hilo wiki nzima.

Kilichonifungua macho ni aproni ya Taisho mwenyewe. Saa nne za usiku, akimaliza kazi, ilikuwa imejaa unga, madoa ya mchuzi wa soya na mafuta. Hakuna aliyemwita darashinai, na asingethubutu. Kisha Ijumaa moja akaingia bwana wa ofisini, suti yake labda ingelipa kodi yangu ya miezi mitatu, hana hata doa. Alikuwa amekunywa. Tai ilikuwa imeshushwa mpaka kifuani, shati nusu ndani nusu nje, na baada ya bakuli moja akalala palepale kaunta, mdomo wazi. Okami-san akanisogelea na kunong'ona: "Darashinai." Nikaja kufuta daftari langu. Haikuwa habari ya uchafu hata kidogo. Neno lile linasema juu ya kitu kilicholegea pale kilipotakiwa kukazwa.

Na hapo ndipo nilipogundua kuwa kwa Kiswahili neno hilo tulikuwa nalo siku zote, ila kwenye sanduku jingine. Nyumbani kwetu hukumu ya mavazi ilikuwa na mizani moja, safi na chafu. Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu alipita akikagua kucha, meno, kola, masikio. Shati lenye kiraka halikuwa kosa, maana umaskini si dhambi. Shati lenye kola nyeusi lilikuwa fimbo mbili. Mama naye alikuwa na kauli yake, kwamba maji hayauzwi (wakati huo hayakuuzwa). Lakini hebu sikia watu wazima wa Tanzania wanavyomlalamikia kijana aliyeshusha suruali. Hawasemi ni mchafu. Wanasema amevaa mlegezo. Wengine wanasema kata K. Mlegezo ni neno zuri kuliko tunavyolipa heshima yake, kwa sababu limebeba nguo na mtu kwa pamoja. Kamba hulegea, suruali hulegea, na mtu akilegea tunajua tunasema nini. Kama ningemfundisha Mtanzania darashinai leo, ningeanzia hapo, nimwambie afikirie mlegezo, kisha autoe kwenye suruali na kuupeleka kila mahali.

Maana unakwenda kila mahali kweli. Mteja mmoja alikuwa na mazoea ya kula kwa mkopo na kulipa mwezi ukishapita. Huyo alikuwa darashinai wa fedha. Mwenzangu wa zamu, mwanafunzi wa sheria, kila mara aliingia dakika nne baada ya saa. Huyo darashinai wa muda. (Dakika nne. Sikuthubutu kumsimulia Taisho habari za harusi za kwetu.) Yuko darashinai wa pombe na darashinai wa wanawake. Timu ya besiboli ya mji ikifungwa bila kupigana, mechi nzima inakuwa darashinai, na hapo Taisho alizima televisheni kwa rimoti kama anayemfungia mtu mlango. Mkunjo wa tumbo juu ya mkanda ni darashinai. Mdomo uliosahaulika wazi ni darashinai. Hata sentensi inayoburutwa mwishoni inaweza kuwa darashinai, na hilo nitalirudia.

Ndani ya neno hilo Wajapani wengi wanausikia mlio mwingine, daradara. Kijapani kina maghala ya maneno ya namna hii, yanayoigiza kitu badala ya kukieleza, nasi tunayo yetu, legelege, tepetepe, vululuvululu. Daradara ni jasho linalochuruzika, ni mteremko usioisha, ni mtu aliyejilaza siku nzima akibonyeza simu. Sasa fikiria: Kijapani hakitofautishi r na l. Siku moja Okami-san aliniuliza kwetu watu wanakwenda kazini na nini. Nikamwambia, na daladala. Akaniuliza tena. Daladala. Akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia meza. Kwa masikio yake nilikuwa nimesema kwamba Watanzania huenda kazini na chombo kiitwacho Kujivutavuta. Nilimweleza kuwa jina linatokana na dala, sarafu ya shilingi tano ya zamani iliyokuwa nauli, na kwamba dereva wa daladala ana sifa nyingi lakini ulegevu haumo. Hakusikia. Tangu siku hiyo, nikichelewa kunyanyua mabakuli, alikuwa ananiuliza kama basi langu limekwama.

Asili ya neno lenyewe ndiyo iliyonifanya nilipende. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zamani watu walisema shidara ga nai, "hana shidara", na shidara ni hali ya mambo, mpangilio wake. Mpaka leo mtu mwenye maisha yasiyo na staha huitwa fushidara, na hapo silabi bado zimekaa mahali pake. Lakini katika mitaa ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo, watu wa kawaida walikuwa na mchezo wa kuvuruga maneno. Silabi ya kwanza inarushwa nyuma. Kiseru, kiko cha kuvutia tumbaku, kikawa seruki. Shidara ikawa darashi. Mwandishi mmoja mcheshi wa mwanzoni mwa karne ya 19 aliyataja yote mawili kama lugha ya watu wa chini. Seruki ikafa. Darashi ikabaki, ikaoa "nai", ikazeeka, na leo ni neno la kamusi ambalo walimu wanalitumia kuwakaripia watoto wanaoongea ovyo. Neno la kukemea mpangilio uliovurugika lilizaliwa kwa kuvuruga mpangilio wa neno!

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani. Alikuwa na shoga yake, wakikaa barazani wakisuka ukili, na sisi wajukuu tukikaribia, mazungumzo yanageuka sauti bila maana. "Yuhu tomto aanasiki." Tulijua tunasengenywa, hatukujua kwa lipi. Ni kinyume, mchezo wa zamani wa watu wa pwani, ambapo silabi ya mwisho inatolewa nyuma na kuwekwa mbele. Maji yanakuwa jima, mkate unakuwa temka. Huyu mtoto anasikia. Nilikuwa na miaka tisa nilipoukata ule msimbo, na siku niliyowajibu kwa kinyume bibi alinitazama kama mwizi aliyekutwa na funguo.

Wajapani wanaurusha mwanzo nyuma, sisi tunauleta mwisho mbele. Kwa neno la silabi mbili ni mamoja. Tane, yaani kiini cha kitu, waligeuza kuwa neta, na leo kipande cha samaki kinacholala juu ya wali wa sushi kinaitwa neta bila mtu kukumbuka kuwa ni kinyume. Yado ni nyumba ya wageni. Doya ni gesti ya wavuja jasho, ya kulala usiku mmoja na kuondoka. Ginza, mtaa wa matajiri wa Tokyo, kuna watu wa televisheni wanaopenda kuuita Zagin. Hata zubora, binamu wa darashinai, mtu mvivu wa kupanga vitu vyake, wako wanaosema ni bozu, sheikh wao wa Kibudha, aliyepinduliwa kichwa chini. Sina hakika masheikh walilipokeaje hilo.

Tofauti ni moja. Kinyume chetu kimebaki barazani na kinakufa na mabibi. Chao kiliingia kamusi.

Ukishaanza kukusanya maneno haya huachi. Nywele peke yake zina ghala. Bosabosa ni nywele zisizochanwa, zimetoka kitandani kama zilivyo. Mojamoja ni msitu, nywele au ndevu zilizosokotana. Mimi kwa Kiswahili nilikua na timtim tu, na nilidhani inatosha. Nguo iliyochoka mpaka imekata tamaa ni yoreyore. Karatasi au shati lililofinyangwa ni kushakusha. Aliyedhalilika kwa mavazi kwa sababu hana kitu ni misuborashii, na hapo lugha inaingiza huruma kidogo. Huwezi kumkemea mtu kwa misuborashii, unaweza tu kumtazama. Kwa darashinai unakemea. Mzizi wa tofauti ni huu, kwamba darashinai angeweza kukaza kamba na hakukaza.

Halafu kuna musakurushii, ambalo ndilo kipenzi changu. Vunja neno hilo utapata uchafu wa kuchukiza na, nyuma yake, mateso ya kubanwa pumzi. Ni chumba cha wavulana wanne chenye soksi mbichi. Ni ndevu za mtu aliyetoka porini. Mwaka mpya, Taisho na Okami-san walinialika kwao, ghorofani, juu ya mgahawa. Kwenye ngazi Okami-san akainama kidogo akasema, musakurushii tokoro desu ga, dozo. Pamoja na ubaya wa mahali penyewe, karibu. Nikajiandaa. Mlango ukafunguliwa: mikeka ya tatami inanukia majani, meza ya kotatsu na blanketi lake limekunjwa pembe kwa pembe, machungwa madogo kwenye kikapu yamepangwa kama yanasubiri kupigwa picha. Nikatafuta uchafu mpaka nikaona aibu. Ndipo nikamsikia bibi yangu mlangoni Pangani, baada ya kufagia uwanja mara mbili na kutandika mkeka wa sherehe, akiwaambia wageni: "Karibuni, kibanda chenyewe ndiyo hiki." Nikajua la kujibu. Huko kwetu unaijibu kauli hiyo kwa kukaa chini na kula sana, na nikafanya hivyo.

Lakini kuna neno moja lilinikasirisha, na nalo ni shidokenai.

Kwa maana ya juujuu ni lilelile. Nguo zimelegea, mkanda haukukazwa, nywele zimeshuka. Ila shidokenai haikemei. Inavutiwa. Katika kitabu cha Genji, alichoandika Murasaki Shikibu wa kasri la Kyoto mwanzoni mwa karne ya 11, kuna usiku wa mvua ambapo vijana wa kiungwana wamekaa wakizungumza habari za wanawake. Genji, mtoto wa mfalme, amejiegesha karibu na taa. Amevaa nguo nyeupe laini, joho amelitupia tu juu, vitanzi havikufungwa. Mwandishi anatumia neno hilo, na anasema kijana yule alipendeza ajabu katika mwanga wa taa. Shati nje, kamba zinaning'inia. Angekuwa mimi na aproni yangu, Taisho angekuja na kidole.

Yaani kulegea kulekule. Kwa mtoto wa mfalme ni uzuri unaotaka shairi, kwa kibarua ni kasoro ya kurekebishwa kabla mteja hajaingia. Nimelifikiria hili mara nyingi na sidhani ni la Wajapani peke yao. Kwetu pia mzee mwenye pesa akija msibani na kanzu iliyokunjamana watu husema hana makuu. Fundi baiskeli akija na kanzu hiyohiyo, kajidharau na kaidharau maiti.

Mwanafunzi wa sheria, yule wa dakika nne, ndiye aliyenionyesha kesi kubwa ya neno hili. Februari 2010 timu ya Japani ilikwenda Vancouver kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, wote wakiwa na suti rasmi ya ujumbe wa taifa. Mmoja wao, Kokubo Kazuhiro, bingwa wa ubao wa thelujini mwenye miaka 21, alionekana safarini na suti hiyo akiwa ameshusha tai, shati limetoka nje, suruali iko chini ya kiuno. Mlegezo kamili, nywele za rasta, miwani myeusi. Nchi ikachemka. Malalamiko yakamiminika kwa chama cha mchezo wao. Alipoitwa mbele ya waandishi wa habari na kuulizwa, kwanza alisikika akiguna kitu kama "ah, wananikera", kisha akatoa jibu ambalo kila Mjapani wa umri fulani anaweza kuliigiza mpaka leo: "Hansei shitemaasu." Maana yake ni "najutia". Lakini ile "maa" aliivuta. Aliiburuta kama mtu anayeburuta ndara sakafuni. Mwanafunzi wa sheria aliniwekea video mara tatu ili nisikie, na niliposikia nikacheka, kwa sababu nilishaelewa: kijana aliombwa aikaze tai, akailegeza sentensi.

Alizuiwa kushiriki sherehe ya ufunguzi. Akashindana, akafika fainali, akamaliza wa nane. Na pale kwenye theluji alikuwa amevaa suruali pana na jaketi pana, kama wanavyovaa wachezaji wote wa mchezo ule, na hakuna aliyelalamika. Kwenye theluji kulegea ni sare. Mwenzangu alishikilia kuwa kosa lilikuwa la kijana, kwa sababu suti ile haikuwa yake, ilikuwa ya taifa. Taisho, akikata tambi bila kutugeukia, akasema kijana alikuwa mjinga lakini wazee waliopiga simu kulalamikia tai ya mtu aliyeko Kanada walikuwa na muda mwingi kupita kiasi. Sikutegemea hilo kutoka kwake.

Shuleni Japani kuna msemo unaozunguka tangu zamani, kwamba kuvurugika kwa mavazi ni kuvurugika kwa moyo. Nikiusikia nawaza mstari wa Jumatatu wa kwetu, na sioni ajabu. Ajabu inaanza pale kipimo cha moyo kinapofika kwenye nywele alizozaliwa nazo mtu. Mwaka 2017, nikiwa bado Nagoya, habari zilijaa kisa cha msichana wa sekondari ya serikali mkoani Osaka. Nywele zake ni za kahawia kwa asili. Shule ikamtaka azipake nyeusi, tena na tena, mpaka akaacha kwenda. Akaishtaki serikali ya mkoa. Hukumu ilikuja Februari 2021, akapewa fidia ya yen 330,000, lakini si kwa sababu ya rangi ile. Mahakama iliona sharti la nywele liko ndani ya mamlaka ya shule, ila kumwondolea dawati na kumfuta jina kwenye orodha ya darasa kulikuwa kosa. Mwaka uliofuata, kuanzia Aprili, shule za sekondari za serikali ya jiji la Tokyo ziliacha masharti kadhaa ya namna hiyo, pamoja na lile la kuwa kila mtu awe na nywele nyeusi, na lile la kupanga rangi ya nguo za ndani. Ndiyo, za ndani.

Kisa hicho kilinigusa mahali pangu. Nywele zangu ni za kipilipili, na asubuhi, upande niliolalia ukiwa umekandamizwa, mwenzangu wa maabara aliniuliza kwa upole kama ile ni neguse, alama ya kulalia. Nilisema hapana, ndivyo zilivyo. Nilidanganya; ilikuwa neguse. Ila swali lilinikaa. Wiki hiyo nilimuuliza Taisho kama nywele zangu ni bosabosa. Akanitazama muda, akasema hajui. Akasema zake anajua zikiharibika zinakuwaje, zangu hajui zikiwa sawa zinakuwaje, basi atajuaje zimeharibika? Halafu akanifunga tenugui kichwani, kitambaa cha pamba cha buluu, akakaza fundo nyuma. Hapo, akasema, sasa anajua.

Hata serikali yao imewahi kuhangaika na kamba hizi. Mwaka 2005 wizara ya mazingira, Koike Yuriko akiwa waziri, ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz: ofisi ziweke viyoyozi kwenye nyuzi 28 wakati wa joto, na watu waje kazini bila tai wala koti ili wavumilie. Waziri mkuu Koizumi mwenyewe akajitokeza shingo wazi. Jua la Agosti la Nagoya nalijua, lina unyevu kama wa Tanga mwezi wa pili, na bado wako waliosita: shati bila tai si darashinai? Maduka yakaleta mashati yenye kola ngumu iliyosimama yenyewe, ili shingo iwe wazi lakini isionekane imelegea. Nililinunua moja. Bado ninalo, kola haijakubali kushindwa.

Niliondoka Nagoya Machi 2019. Wiki ya mwisho kazini, mchana, wateja wawili tu, simu ya Taisho ililia. Binti yao aliyeolewa Sendai alikuwa amejifungua usiku, na sasa alikuwa ametuma picha. Mzee alifuta mikono, akavaa miwani, akaishika simu mbali kama wanavyofanya wazee wa dunia nzima. Nilimwona akiisogeza karibu, tena mbali. Macho yakashuka pembeni. Mashavu yakashuka. Mdomo, ambao kwa miaka miwili na nusu nilidhani umeshonwa, ukafunguka na kubaki hivyo.

Okami-san alimtazama kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akanigeukia mimi, na kwa sauti ya kumwambia mtu wa nyumbani akasema: "Ona hiyo sura. Darashinai."

Tambi zilikuwa zinachemka na muda wake ulishapita. Fundo la aproni ya Taisho lilikuwa limelegea, ncha moja inaning'inia mpaka nyuma ya goti. Niliona, nikanyamaza, nikaenda kuzima jiko.